Kikao cha Kwanza Bure

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote: sikuingia. Ijumaa iliyopita, saa nne kamili asubuhi, nilikuwa nje ya chumba namba sita, ofisi ya maji, na barua ya kuitwa kwenye usaili mkononi. Mkono mwingine niliuinua vizuri tu, tayari kugonga. Ukabaki hewani. Mfagiaji akapita, akadhani nampungia, naye akanipungia. Nikarudi nyumbani.

Mama akauliza vipi. Nikasema wamesema watapiga simu. Uongo mdogo, wa kunitosha siku mbili hivi. Lakini mama ni fundi cherehani, na akifurahi lazima akate kitambaa. Jana kanunua cha bluu, cha sketi yangu ya kazini. Mteja aliyekuja kupunguziwa gauni akaambiwa. Wa pili akaambiwa. Wa tatu leo kanipongeza dirishani. Nikaenda kujifungia bafuni.

Kazi yenyewe ni karani wa mapokezi. Kusalimia watu kutwa! Niliomba kwa sababu maombi yalikuwa ya barua, na kwenye barua mimi ni hodari sana.

Uamuzi: natafuta mshauri nasaha. Si wa siku moja. Wa kudumu, wa kunijua mpaka nizeeke. Akiba yangu ni zawadi ya bibi ya kumaliza shule. Nimeulizia bei kwa ujumbe. Inatosha vikao viwili, mradi cha pili kiwe kifupi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempata Bi Miwani, juu ya duka la dawa. Kikao cha kwanza bure. Miwani yake ni mikubwa kiasi kwamba unahisi anakusikiliza kwa macho. Mezani kuna boksi la tishu, na ya kwanza imeshachomoza. Hawana imani kwamba mtu atatoka bila kulia.

Akauliza jina, umri, nalala vipi, nyumbani tuko wangapi, nani hugombana na nani. Nikajibu yote. Dakika ya arobaini na nane nikavuta pumzi, nikaanza: Ijumaa iliyopita... Akatazama saa. Akasema hapo ndipo pazuri pa kuanzia wiki ijayo.

Wiki ijayo si bure.

Nyumbani nimemkuta dada anajipaka losheni kutoka kwenye vichupa vidogo vya kujaribisha. Anauza simu, na kila akitoka mapumziko hupitia duka moja la vipodozi kuomba kichupa, kesho duka jingine. Mwaka wa pili huu hajanunua losheni, na ngozi inang'aa kama sahani. Akaniuliza namkodolea nini, we bubu. Nikasema hakuna.

Kumbe nilikuwa nimeshaona mwanga.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango! Washauri wenye kikao cha kwanza bure mjini hapa wako kumi na mmoja. Nikiwazunguka wote, mshauri wa kwanza atakuwa ameshanisahau. Naanza upya. Huduma ya maisha, bila malipo.

Tatizo: kila mmoja ataanza na jina na umri. Dawa yake: faili la kijani. Ndani yake maelezo yangu yote kwa mwandiko safi, na mstari mwekundu pale mshauri aliyetangulia alipoishia: Ijumaa, mlango wa namba sita. Mpya anasoma, anaendelea. Bi Miwani nilishampa jina langu, basi tena. Wa pili atapewa la dada. Wa tatu la bibi.

Mama amekata kitambaa. Nimesikia mkasi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Wa pili ni Bwana Soksi. Soksi za njano. Nikamkabidhi faili. Akaliweka mezani bila kulifungua, akasema hapa hatuna haraka. Kisha akanyamaza.

Nikanyamaza.

Nadhani ndiyo mbinu yake, mtu azidiwe na ukimya hadi aropoke. Hakujua amekutana na nani. Nilisikia jokofu la chumba cha pili likijizima na kujiwasha mara tatu. Dakika ya arobaini akaropoka yeye. Akasema mama mkwe wake amehamia kwake na anapanga vikombe upya kila asubuhi. Nikatikisa kichwa kwa huruma. Mwishoni akasema tumepiga hatua kubwa.

Kikao kizuri kweli. Ila la Ijumaa bado liko kifuani, na mstari mwekundu haujasogea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama ananipima sketi. Nimesimama juu ya stuli, yeye amepiga magoti na pini sita mdomoni. Nikafikiri: sasa hivi! Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kukukatiza. Nikasema mama. Akaguna. Nikasema kuhusu ile ofisi. Akatema pini zote mkononi, akasema hata yeye ameifikiria. Simu gani hiyo isiyopigwa wiki nzima? Bila shaka wamekosea namba. Jumatatu asubuhi ataenda mwenyewe kuuliza, hawezi kuona mwanawe anachezewa.

Kisha akaniambia nigeuke, pindo linapanda kushoto.

Jumatatu! Nina siku tatu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wa tatu yuko kliniki ya chuo, wanapojifunzia washauri wapya. Huyu aliendesha lori miaka ishirini kabla ya kurudi darasani. Mimi ni mteja wake wa kwanza. Akauliza swali la tatu kabla ya la pili, akaomba radhi, akayauliza yote upya. Nikamsogezea tishu.

Nikampa faili. Akalisoma lote, kwa sauti, akifuatisha kidole. Alipofika kwenye mstari mwekundu akainua kichwa, akauliza: "Kwa hiyo pale mlangoni ikawaje, mwanangu?"

Nikamwambia. Yote! Mkono, mfagiaji, mama, sketi. Akasema yeye alisimama nje ya geti la chuo hiki asubuhi tatu mfululizo, mkoba mkononi, akijifanya anasubiri mtu. Hajawahi kumwambia hata mkewe.

Tumekubaliana: Jumatatu, kabla mama hajatoka, namwambia ukweli, na Jumanne narudi kumpa habari. Akaandika kwenye kitabu chake, LENGO LA KWANZA, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mama alikuwa ameshavaa viatu. Nikasimama mlangoni, nikamzuia. Nikafungua mdomo. Nilichokuwa nimekipanga ni: mama, sikuingia.

Kilichotoka: mama, nimepata kazi.

Eti wamepiga alfajiri. Mama akakaa chini, juu ya kopo la vifungo, na hakuhisi. Akalia. Akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha bluu kilichobaki. Dada akaniletea kichupa cha losheni kisichofunguliwa. Kwa dada huyo ni urithi.

Naanza kazi kesho.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimetoka saa moja na sketi yangu. Nimekaa kwenye mabenchi manne. Saa nane, kliniki, kikao cha pili.

Dereva akasema leo mwalimu wake atakaa nasi kumsimamia. Mlango ukafunguliwa. Bi Miwani!

Dereva akanitambulisha kwa jina la bibi. Bi Miwani akanisalimia kwa jina langu. Akalipitia faili la kijani hadi mstari mwekundu. Akasema jana kwenye mkutano wao wa mwezi, ambapo washauri huelezana kazi zao bila kutaja majina, mwenzao mmoja alimsifu sana msichana mwenye faili kama hili, kwamba anajua kusikiliza. Nikasubiri kufukuzwa.

Hakunifukuza. Alisema wateja wa wanafunzi hulipa wanachoweza, hata kidogo. Kila Jumanne, mwaka mzima, mshauri yuleyule. Akaongeza kwamba mtu aliyegonga milango mitatu ya wageni ndani ya wiki moja hashindwi kugonga. Sasa ule wa namba sita una nini?

Swali zuri. Nimeliandika, nitatafuta mtaalamu wa kumuuliza.

Kisha dereva akainama mbele, kalamu tayari. Na mama je? Nilimwambia?

Ungeyaona macho yake.

Nikasema nilimwambia. Kila kitu. Akapiga tiki, ya kwanza katika kitabu kizima. Bi Miwani akamshika bega. Dereva akavuta tishu mwenyewe.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Naandika kutoka benchi la maktaba. Sketi imenikaa vizuri. Mama ameshona nyingine, ya kijivu, ya kubadilishia.

Hali ilivyo: nina mshauri wa kudumu, wa bei yangu, mwenye moyo mzuri. Siwezi kumwambia nilimdanganya, itabidi aifute ile tiki. Na jambo zito kama hili mtu halibebi peke yake.

Wamebaki wanane. Anayefuata yuko nyuma ya posta, kesho saa tano, kikao cha kwanza bure. Nimenunua faili la manjano. Nitatumia jina la mama.

Wewe unayesoma, nakuomba, funga mdomo. Mama asijue. Dereva asijue kabisa. Na huyo wa kesho usimdokeze chochote, mwache aanze na jina na umri.