Sabuni ya Tangi na Birika la Mke Wangu

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema! Ndege imekamilika. Mabawa yapo, mkia upo, kiti nilichong'oa kwenye duka la kinyozi lililofungwa kipo, na injini ya gari la mke wangu imekaa pale mbele kana kwamba ilizaliwa hapo. Imebaki kuruka tu.

Asubuhi mke wangu alipita uani akielekea kazini, kwa miguu, kisigino kikimuuma. Akasema petroli inanuka mpaka chumbani. Nikaenda kukagua. Lo! Kwenye kifuniko cha tangi kuna kitundu! Tangi jipya, nimeuziwa na mtu mzima mwenye mvi, na kifuniko kimetobolewa! Siku hizi umwamini nani?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachukua sabuni ya mche karoni, nikaikanda kwa maji, nikabandika bonge zima juu ya kitundu. Mafundi wameziba matangi kwa sabuni tangu zamani. Harufu kwisha. Nilijipongeza kwa soda.

Jioni mke wangu aliulizia sabuni yake. Nikamwambia labda panya.

Jumanne, 7 Mei

Imewaka! Imeunguruma mpaka sufuria zikacheza kabatini. Machozi yalinitoka na sioni haya kuyaandika. Tangu utoto nimekuwa nikitazama juu na kusema ipo siku.

Ndipo akatokea Shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, amekuja kwetu kukaa "kwa muda" na muda huo haujaisha. Ndege yangu anaiita Kuku, eti ina mabawa lakini haitoki uani. Alisimama na kikombe chake cha chai. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima, kimya! Shemeji akasema Kuku amelala, tuongee polepole.

Nilifungua tangi kuangalia mafuta. Kifuniko kilifanya fyuuu, kama mtu aliyeshusha pumzi baada ya habari mbaya. Mafuta tele. Nikafunga, nikawasha. Ikawaka papo hapo! Nikacheka. Ikazima. Nikaacha kucheka.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alizungumza taratibu, na akizungumza taratibu mimi hutafuta njia ya kutokea. Alisema Jumamosi atabandika birika juu ya jiko, hadharani. Injini ikiunguruma mpaka maji yachemke, hatasema neno tena juu ya gari, hata kisigino kikatike. Ikizima kabla maji hayajachemka, injini inarudi garini kwake. Nikakubali kiume. Kisha nikaenda chooni nikajifungia.

Jumatano, 8 Mei

Plagi nimezisugua zote. Kabureta nimeiosha kwa mswaki (wa Shemeji). Nimewasha: raha mustarehe, halafu kikohozi, halafu kimya. Nimefungua tangi: fyuuu. Mafuta tele. Nimefunga, nimewasha: inawaka! Inazima! Mungu wangu, hiki ni chombo au ni mtoto wa kuachishwa ziwa?

Lakini nimegundua jambo. Kila inapozima, Shemeji yupo. Yupo dirishani, yupo kizingitini, yupo karoni anajifanya kuosha miguu. Na injini ikirudi garini, nani ataliendesha gari kila jioni? Ufunguo wa gari lisilo na injini anatembea nao mfukoni! Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kinakula hata mkate wangu wa asubuhi.

Alhamisi, 9 Mei

Hila ya leo ilikuwa tamu. Nilimwambia Shemeji kwamba yule dada wa duka la vitambaa anamuulizia, tena kwa jina. Uongo mtupu. Akaoga. Akajipulizia manukato mpaka nzi wakahama. Akaondoka.

Uani nipo peke yangu. Nikawasha. Ikaunguruma vizuri, nami nikaanza kuimba. Ikazima.

Bila Shemeji! Nilikaa chini kwenye matope na suruali safi. Nimepigwa na butwaa, kama si yeye ni nani?

Kabla sijanyanyuka, Shemeji akarudi anang'aa meno yote. Eti yule dada kweli alikuwa akimuulizia. Jumapili wanatoka pamoja. Akanishika mkono wangu kwa mikono miwili na kuniita kaka. Salaale!

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata! Nimepata! Nimelala na swali moja, nimeamka na jibu. Kitu kinachozima ni lazima kuna kinachokizima. Ni nini kazi yake kuzima injini? Swichi. Na nini tena? Koki ya mafuta. Wauaji wawili, nimewafuga mwenyewe ndani ya ndege!

Swichi nimeing'oa. Waya nimeulehemu moja kwa moja mpaka kwenye betri na kuuzungushia utepe chini ya injini, nyuma tu ya propela, pasipofikika na mtu. Koki nimeitupa, bomba linatoka tangini likienda zake bila kizuizi. Sasa hakuna kitu ndani ya ndege hii kinachoweza kuizima. Nashangaa wahandisi wakubwa hawajaliona hili.

Sikuijaribu. Mkimbiaji hakimbii siku ya kuamkia mashindano. Na kwa usalama zaidi, kesho birika nitalijaza mwenyewe, kwa maji ya moto ya kwenye chupa ya chai. Mke wangu atabandika, na kabla hajafuta mikono litakuwa linapiga mluzi.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika haya vumbi la plasta likiwa bado masikioni.

Majirani walifika, wengine na viti vyao. Mkia wa ndege niliufunga kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo, matairi nikayawekea mawe. Jiko la mafuta ya taa niliagiza liwekwe nyuma tu ya bawa, ili watu waone injini na birika kwa jicho moja. Wazo langu mwenyewe. Mke wangu akaligusa birika, akanitazama, akamwaga yale maji yote ya moto chini mbele ya kadamnasi na kujaza ya baridi. Shemeji alisema nami nimwagiwe ndoo nzima.

Nikawasha. Ikaunguruma! Nikangoja kikohozi. Hakuna. Nikangoja tena. Hakuna! Iliunguruma kama siku ya kwanza, ikapita pale inapokufaga, ikaendelea, na mimi nikapanda juu ya kiti nikipunga mikono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nikamgeukia mke wangu nimuulize maji vipi.

Jiko lilikuwa limezimwa na upepo wa propela! Mke wangu akaliwasha. Likazimika. Akakinga kwa khanga. Khanga ikaruka mpaka juu ya paa. Injini inafanya kazi, na maji bado ya baridi!

Nikasema basi, nizime, tulihamishe jiko, tuanze upya. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

Yarabi! Swichi gani? Nikakumbuka koki. Koki gani? Waya ulikuwa kule chini, nyuma ya propela iliyokuwa ikikata hewa kama panga. Na hapo nguzo ya nguo ikaanza kulia. Ikainama, ikang'oka, na Kuku wangu akaruka mawe na kuanza kutembea kuelekea chumba chetu cha kulala, akiburuta nguzo, kamba na mashuka mawili. Wanaume wanne waliukamata mkia. Akawaburuta nao! Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Naambiwa nilimwita mama yangu.

Mke wangu akachukua sabuni.

Naapa. Sabuni! Akachovya kipande ndooni, akakimbia nyuma ya bawa akichechemea na kisigino chake, akasimama juu ya stuli iliyokuwa inasukumwa na Shemeji, na kubandika bonge juu ya kifuniko cha tangi, kwa kofi. Nikamfokea kwamba huu si wakati wa kufua. Ndege ikasogea. Ikasogea. Propela ikala plasta ya ukuta, vumbi likatanda. Halafu kikohozi. Halafu kimya.

Mke wangu akasema injini imekuwa ikizima tangu sabuni yake ilipopotea. Asubuhi aliikuta kwenye kifuniko changu akaibandua, afulie ovaroli langu nisimtie aibu mbele za watu, na injini haikuzima. Tangi nalo lina pua, akasema, ukiiziba mafuta hayashuki; basi akairudisha. Akashuka, akaenda kwenye jiko na kutia kidole ndani ya birika. Akasema baridi. Ahadi ni ahadi.

Majirani walipiga makofi, na si kwangu.

Jumapili, 12 Mei

Injini imerudi garini. Shemeji na mimi tuliibeba, naye kwa heshima hakusema kitu mpaka tulipoitua. Kisha akasema Kuku ametolewa filigisi. Nilimgeuzia mgongo nikalia kidogo. Ndege imebaki na shimo pale mbele, na ukuta wa chumbani una ufa kutoka dirishani mpaka chini. Nimeambiwa nitaujenga mimi.

Nimetafakari sana. Habari za mke wangu za sabuni ni ushirikina, nashangaa kwa mtu msomi kama yeye. Mafuta na sabuni vinajuana wapi? Ukweli u wazi: injini ni ya gari lake, imemzoea, inamsikiliza yeye. Siku ya Jumamosi ilimwona yupo karibu ikaunguruma, akaisogelea kwa hasira ikanyamaza. Injini ijayo nitanunua yangu mwenyewe, isiyomjua mtu.

Hata hivyo mimi si mtu wa kinyongo. Kesho anaendesha gari kwenda kazini mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Jana jioni nilimwona akilifuta kioo na kujichekea peke yake, nami moyo ukaniuma kweli. Kisigino kile ni mimi. Nikataka kumfanyia jambo dogo la upendo, bila kujitangaza.

Kwa hiyo nimelikagua gari lote wakati amelala mchana. Matairi safi. Taa safi. Nikafungua kifuniko cha tangi na, haki ya nani, sikuamini macho yangu. Kina kitundu! Gari zima hili, na miaka yote hii hakuna fundi aliyeona!

Nimekiziba vizuri, kwa mche mpya wa sabuni. Atakapofika kazini bila harufu hata chembe, atajua tu ni nani.