Uzinduzi wa Kitengo cha Kupitia Upya Hukumu ya Pampu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye pia ni mimi kwa kuwa aliyepangwa kazima simu. Waheshimiwa wa meza kuu, wa meza ndogo na wa kile kiti cha plastiki chenye mguu mbovu. Viongozi wa ngazi zote na wa ngazi zitakazoundwa. Akina mama, akina baba, na ninyi mliokuwa mnapita tu mkaona watu mkasimama: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mtu anapiga mluzi.)

Ndugu zangu, haki katika eneo hili ilikuwa inatambaa kwa magoti mpaka nilipoishika mkono. Mahakimu wenye majoho yao hunipigia simu: "Mjomba, hapa tuhukumu vipi?" nami nawaelekeza huku kinyozi akiniambia nisitikise kidevu. Shule sikumaliza, sikatai, lakini ni shule yenyewe iliyoishiwa vya kunifundisha. (Kicheko.)

Leo basi nazindua Kitengo cha Kupitia Upya Hukumu Zilizofungwa kwa Mtazamo Mtambuka, Shirikishi na Endelevu, chenye rodimapu, frimuweki na kapasiti-bildingi, ambacho hata kabla ya kuzinduliwa kimeshafikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya malengo yake, na hiyo kumi na mbili ya juu ni ziada tutakayowagawia majirani zetu wavivu. (Makofi hafifu.)

Na kesi yetu ya mfano ni ile ya fundi bomba. Mnaikumbuka. Ofisi hii ilikuwa na pampu ya maji, nyekundu. Akaja fundi bomba kurekebisha mfereji, akaondoka na begi lake zito. Kesho yake mtunza stoo akatafuta pampu nyekundu, nyekundu haipo. Fundi akakamatwa, akahukumiwa, na mpaka ninaposema hapa yuko gerezani anapiga jembe. Sheria ni msumeno, ndugu zangu, na ule siku ile ulikuwa umetoka kunolewa.

(Dada wa mfungwa, fundi cherehani, anasimama katikati ya watu: "Mjomba, haikuibwa! Mliipaka rangi ya kijani yule mkubwa wenu alipokuja kutembelea!")

Binti yangu, kaa, nafika huko. Ni kweli tulipaka. Mkubwa akija kwetu, kinachosimama kinapakwa rangi. Tulipaka mawe, mashina ya miti, ndoo, ngazi, na mbwa wa mlinzi aliyechelewa kuamka akatembea na mstari wa kijani mgongoni mpaka akapata wajukuu. Pampu ikapakwa pamoja na wenzake. Sasa mtunza stoo kaambiwa atafute nyekundu. Ulitaka atafute kijani? Huo ndio weledi! (Guno. Sauti: "Weledi wa wapi!")

Binti huyu mwezi uliopita aliingia stoo kupima mapazia ya uzinduzi huu. Paa letu linavuja, rangi ilikuwa imebanduka, akaona kibati cha pampu na namba yake, ile ile iliyosomwa mahakamani siku kaka yake anahukumiwa. Akatoka mbio anapiga kelele kama kaumwa na nge. Wakili wake, yule pale mwenye tai fupi, anasema Mahakama ya Rufaa inaweza kuifungua kesi upya, ila namba ionekane, na ofisi itamke kwamba pampu ipo.

("Basi tamka, Mjomba! Mama yetu anaumwa, kila siku anauliza mwanawe anarudi lini. Tamka tu!")

Kutamka ni hatua ya nne, mama. Hatua ya kwanza ni semina. Ya pili ni stekiholda kukutana na stekiholda wenzao. Ya tatu tunapata fidibeki ya semina. Huwezi kurukia kutamka kama mtu anayeagiza chai!

("Na kwa nini asubuhi hii mmeipaka tena? Jana namba ilikuwa wazi, leo pampu nyeupe kama sanda!")

Kwa sababu leo kuna mgeni rasmi! Mimi! Ulitaka nikaribishwe na pampu iliyobambuka? Nyeupe ni rangi ya haki, na vijana wamepaka kwa moyo, wamefunika mpaka kibati. (Wakili anajishika kichwa. Kelele.) Tulieni! Namba iko chini ya rangi, inapumzika. Tutatangaza zabuni ya kukwangua.

(Fundi wa spika, aliyesimama nyuma ya mheshimiwa, anaanza kucheka mpaka anakaa chini.)

Wewe wa spika, unachekea nini? Shika waya zako. Nasema hivi, Kitengo kitakuwa na jengo...

("Mheshimiwa, nyuma! Suruali!")

...jengo la ghorofa...

("Ina namba! Jamani, matakoni kwake kuna namba nyeupe, imegeuka kama ya kwenye kioo!" Watu wanasimama. "Geuka! Geuka! Geuka!" Wengine wanakimbilia stoo. Sauti kutoka stoo: "Kibati kimefutika rangi! Namba inasomeka!")

Sigeuki. Kiongozi hatazami nyuma. Haki hoyeee! Ushahidi mpya hoyeee! ("Geuka!") Mapitio kwanza, suruali baadaye! Na kabla sijashuka, kwa kurudi kinyumenyume kama mnavyoona, nawashukuru wafadhili, ambao hawapo. Watumishi wa Kitengo, ambao hawajaajiriwa. Na nakishukuru Kitengo chenyewe, ambacho, tukiongea kama watu wa nyumba moja, hakijaundwa na hakuna aliyeniagiza kukiunda. Utepe ule niliokata ulikuwa umefungwa kwenye mlango wa stoo.

(Dada wa mfungwa amefika jukwaani. Anaishika maiki upande wake, mheshimiwa upande wake. "Mjomba, sitaki kitengo. Simu ya wakili inarekodi. Pampu ipo au haipo?")

Binti yangu, mbele za watu?

("Mbele za watu. Kaka yangu walimhukumu mbele za watu.")

Ipo. Andika, wakili: pampu ipo stoo, ni ile ile, haijawahi kutoka humo hata siku moja. Asubuhi niliingia kufanya mazoezi ya hotuba, miguu ikaniuma, nikaona kitu cheupe nikadhani ni kiti cha mgeni rasmi. Nimeikalia mimi mwenyewe.