Jiwe la Vyoo vya Nahorpani

Nahorpani, tarehe 9 Julai

Dada Jhumari,

Uliniambia nisikufiche lolote kuhusu Mama, nami naapa sitakuficha. Bado anapata choo cheusi kama lami, na jana alikaa chini mara mbili kabla kikapu chake cha chai hakijafika nusu. Tabibu wa zahanati alisema ni safura, minyoo inayong'ata utumbo na kunyonya damu, nayo huingilia nyayoni kutoka kwenye udongo wenye kinyesi. Akasema vidonge vitakuja na Mheshimiwa mmoja wa ofisi ya usafi.

Leo Mheshimiwa amekuja. Tulikusanywa nyuma ya nyumba zetu, palepale vichakani tunakokwenda sote haja kila alfajiri. Kuhani alikuwa amelibariki jiwe la msingi la vyoo, basi tukaamriwa kuvua ndala kwa heshima. Mheshimiwa mwenyewe alitandikiwa zulia. Hotuba nimeinakili yote, kama tunavyofundishwa shuleni:

"Mheshimiwa Meneja wa bustani hii ya chai, Mheshimiwa Naibu Meneja, waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati inayosimamia kamati ndogo, Mheshimiwa Kuhani, na ninyi wachuma chai wenye mikono ya dhahabu: mimi, Muktinath Phukan, Ofisa Mwandamizi Mratibu wa Uratibu wa Usafi wa Mabustani, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia. (Makofi.) Kufuatia tathmini shirikishi ya kina, iliyofanywa na ofisi yangu pasipo kuwasumbua ninyi wahusika, imebainika kwamba asilimia sabini na nane nukta nne ya wananchi wa hapa wanavuja damu tumboni kwa sababu ya mnyoo, mdudu asiye na nidhamu wala kibali cha kuishi humo, na kwamba mdudu huyo hupenya katika nyayo zisizo na viatu zinapokanyaga ardhi chafu kama hii. (Watu wanatazama miguu yao. Mwanamke mmoja anavaa ndala.) Wewe mama, vua! Hapa ni mahali patakatifu!"

(Bibi Sukurmoni, yule jirani yetu: "Bwana mkubwa, na mnyoo naye kaambiwa kwamba leo ni sikukuu?" Kicheko.)

"Swali zuri, litapelekwa kwenye kamati. Katika awamu ya kwanza tutajenga vyoo mia mbili na arobaini. Katika awamu ya pili, milango yake. Na katika awamu ya tatu, hali ikiruhusu, mashimo. (Makofi ya Meneja.) Aidha, vidonge vya minyoo vitagawiwa bila upendeleo kwa kila kaya itakayothibitisha kwamba tayari inatumia choo."

(Mama anasimama: "Bwana mkubwa, choo chenyewe ndicho tulichokuja kupokea. Hivyo vidonge navihitaji leo.")

"Kaa, mama, umepauka. Hali yako itaingizwa kwenye takwimu. (Mama anakaa. Si kwa kutii, Dada, miguu ilikataa.) Sasa semeni nami: Nyayo safi! (Bustani safi!) Mnyoo! (Nje!) Nawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi, maana ripoti ya mradi huu, uliokamilika kwa mafanikio mwezi Machi, ilikuwa imepungukiwa picha ya umati tu. Haya, ling'oeni jiwe taratibu, rangi isichubuke. Kesho saa tatu ninalizindua bustani ya jirani. Ahsanteni sana."

Wakaling'oa, wakalipakia garini. Bibi Sukurmoni akachungulia pale lilipokuwa. "Msimlaumu," akasema. "Awamu ya tatu kaianza. Shimo moja hili hapa."

Tulicheka sote, hata Mama, kisha akanishika bega ili asianguke. Shimo nimelipima kwa rula: kina chake futi moja na nusu. Baada ya shule mimi na Bibi tutaliendeleza kwa jembe lake, na ndala sivui tena hata akija nani. Lakini shimo halirudishi damu. Huko kwenu wanakokufundisha uuguzi vidonge vipo, na basi la Jumamosi la kuja huko linapita hapa asubuhi. Nijibu mara upatapo barua hii: nimpandishe Mama?

Mdogo wako,
Phulkumari