Mgeni Mmoja Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Juni

Siendi stoo. Naandika kwa kalamu ya wino ili isifutike.

Asubuhi Baba Mlezi, msimamizi wa misheni yetu, aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na Fomu za Wiki tatu, zote zangu. Kila mmisionari hujaza milango aliyogonga, mazungumzo aliyofanya na wageni aliowaleta ibadani. Mimi nina milango mia moja na arobaini. Mazungumzo, sifuri. Wageni, sifuri. Akaniuliza kwa upole inakuwaje milango yote hiyo isifunguliwe hata mmoja. Nikaangalia viatu vyangu.

Sikumwambia kwamba nagonga kwa ncha ya kidole kimoja, nahesabu mpaka tatu, naondoka. Ni kugonga vilevile. Fomu haisemi kwa nguvu gani.

Akasema Jumapili hii ikipita bila mgeni, nitahamia stoo kufunga vitabu kwenye maboksi mpaka muda wangu uishe. Yaani mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Si adhabu, akasema, kila mtu ana karama yake.

Karama ya maboksi! Sikuvuka mpaka kwa basi la siku mbili, nikitapika kwenye mfuko wa plastiki, ili nifunge maboksi. Niliitwa. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, mtihani wa mwisho umeisha siku hiyohiyo, nikaitwa. Sikusikia sauti, lakini nilijua, kama unavyojua mtu ameingia chumbani ukiwa umempa mgongo.

Kaka alicheka nilipowaambia. Alisema huyu anayejificha bafuni wageni wakija, atamhubiria nani? Jana Mama kaniambia kwenye simu kwamba Kaka ameshahamishia godoro lake chumbani kwangu. Alisema kama anayetaja hali ya hewa.

Atalirudisha. Nahitaji mgeni mmoja tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimempata! Dobi wa chini ya nyumba yetu.

Sababu ya kwanza: duka lake halina mlango. Lina kaunta tu, kwa hiyo hakuna kugonga. Sababu ya pili: ndiye mgumu kuliko wote. Wiki ya kwanza alimwambia mwenzangu kwamba amewafulia wachungaji wa madhehebu matano na anawajua wote kwa kola zao. Nikimleta huyo, nani atathubutu kunitajia stoo?

Mwenzangu tunamwita Kipaza, kwa sababu ya kipaza sauti, ambacho hakihitaji. Ananizidi miaka miwili. Misheni hutupanga wawili wawili na hairuhusiwi kutengana, kwa hiyo kila ninapoaibika, Kipaza yupo. Kila wiki analeta wageni wanne. Jioni anawaombea kwa sauti, jina moja moja, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akimaliza ananiuliza kama na mimi nina majina ya kuongeza.

Mchana nilimpelekea dobi blauzi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nimeyakariri tangu alfajiri. Akauliza anisaidie nini. Nikasema, blauzi.

Nimejaza kwenye fomu: mazungumzo, moja.

Jumatano, 5 Juni

Nimeshuka mara tatu. Nimesema, kwa mpangilio huu: sketi, shuka, gauni.

Dobi aliuliza kama nimetumwa nifulishe nyumba nzima. Nilitaka kumjibu kwamba kuna uchafu ambao sabuni haiutoi. Ni jibu zuri sana, lilinijia nilipofika ghorofa ya pili.

Gauni lilikuwa la Kipaza. Alilitafuta mpaka saa saba, akaenda darasa la Biblia amejifunga khanga. Alinisema njia nzima. Nilinyamaza kama shahidi wa imani.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeng'amua. Kosa langu lilikuwa kudhani lazima niongee.

Dobi alikwenda uani kuanika. Kipaza alikuwa barabarani, ananiona kwa mbali kama sheria inavyotaka, huku anamhubiria mama mwenye mtoto mgongoni. Chini ya kaunta kulikuwa na kapu la makoti meupe ya zahanati ya jirani. Mifuko miwili miwili. Na mimi nilikuwa na vipeperushi vyetu vya bluu, rundo zima.

Muuguzi anavaa koti, anatia mkono mfukoni, anakuta mwaliko. Amechoka, ameona wagonjwa mchana kutwa, anasoma. Anakuja! Hakuna aliyegonga, hakuna aliyetetemeka.

Makoti kumi na mawili, vipeperushi ishirini na vinne. Kila mfuko nimeuombea. Sijawahi kuomba vizuri hivyo tangu nifike nchi ya watu. Nilisahau hata kuogopa.

Stoo, kwaheri.

Ijumaa, 7 Juni

Lilikuwa kapu la nguo chafu.

Saa mbili asubuhi mlango wetu uligongwa. Kumbe hivyo ndivyo watu wanavyogonga! Kipaza alifungua. Alikuwa dobi, ameshika koti lililokuwa jeupe. Sasa lina mawingu ya bluu kutoka kiunoni kwenda chini, na mifukoni mna tope la karatasi. Kipande kimoja kilikuwa kimepona. Kinasomeka: KARIBU, UTATAKASWA.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia. Pazia letu ni fupi.

Dobi hakupaza sauti. Alimwambia Kipaza, "Mwambie huyo mwenye miguu ashuke."

Nikashuka. Kisa chenyewe ni hiki: dobi hupekua mifuko ya kila mtu isipokuwa ya zahanati, kwa sababu muuguzi mkuu huipekua mwenyewe kabla ya kuleta, na miaka tisa hajawahi kuacha hata kibanio. Makoti yanatakiwa kesho saa sita. Ng'ambo ya barabara kuna mwenye mashine za kufulia anayeinyemelea kazi hiyo tangu zamani. Zahanati ikihama, dobi anabaki na shuka za majirani na blauzi yangu.

Tulifua mchana kutwa. Alinionyesha kugeuza mfuko nje ndani, kusugua pindo kwa mswaki, kuloweka kwenye dawa ya madoa na kutoa kabla nguo haijalegea. Kipaza alikaa kwenye kigoda na kumhubiria. Dobi alimwomba anyamaze kidogo, anahesabu dakika za dawa. Sijawahi kumwona Kipaza akinyamazishwa. Nikajikuta nampenda dobi.

Kwenye koti la saba akaniuliza, bila kuinua macho, kama nawaogopa watu.

Nikasema ndiyo.

Na kazi yangu ni watu?

Ndiyo.

"Na huyo Mungu wako anajua?"

"Anajua. Ni yeye peke yake niliyemwambia."

Nilidhani atacheka. Alikamua koti, akalikung'uta. "Basi sasa tunajua wawili," akasema.

Jumamosi, 8 Juni

Makoti kumi yametakata. Mawili yamebaki na bluu.

Dobi aliniomba kitu kimoja: twende wote zahanati, niseme ukweli kwa mdomo wangu. Nilikubali. Nilikariri.

Muuguzi mkuu ni mama mrefu, miwani imening'inia kifuani. Namfahamu. Jumapili hukaa safu ya mbele kanisani kwetu, na hata waimbaji humgeukia yeye wimbo ukikosewa. Aliyakagua makoti moja moja. Akasema dobi ameanza kutumia sabuni za ovyo, na kwamba Jumatatu nguo zitakwenda ng'ambo kwenye mashine. Dobi akanitazama. Kipaza akanitazama. Hata Kipaza, maskini, aliniachia nafasi.

Nilifungua mdomo. Nikasema, koti.

Njiani kurudi dobi hakunilaumu. Alibeba yale mawili begani na kuniuliza tu ibada yetu inaanza saa ngapi.

Nimemwambia Mungu kwamba sijui kwa nini aliniita mimi wakati Kipaza alikuwepo. Hajajibu. Lakini siendi stoo, hilo nimemwambia pia.

Jumapili, 9 Juni

Baba Mlezi alisimama mlangoni, fomu yangu imechungulia mfukoni mwake.

Kwenye wimbo wa pili akaingia mtu. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mkononi makoti mawili kwenye hanga. Akakaa katikati ya safu ya nyuma.

Mzee wa kanisa akawaomba wageni wasimame watusalimie. Dobi akasimama.

"Sina salamu," akasema. "Nimemfuata binti mmoja humu. Ana neno la kumwambia mama aliyekaa pale mbele. Mimi nitasubiri."

Akabaki amesimama. Kanisa zima likageuka. Nilitafuta pazia. Hakuna pazia kanisani.

Halafu nikamwona dobi alivyoyashika yale makoti, ameyainua yasiguse sakafu ijapokuwa yameshaharibika. Nikasimama. Nikasema vipeperushi niliweka mimi, mifukoni, bila kumwambia, na yeye hana kosa.

Mtu wa nyuma akasema, sauti.

Nikarudia. Akasema tena, sauti.

Nikakasirika. "Vipeperushi niliweka mimi!" Nilipiga kelele. "Yeye hana kosa! Na sabuni yake ni nzuri!"

Ukuta ukanirudishia: nzuri. Mpiga ngoma akasema amina.

Muuguzi mkuu alivaa miwani. Akanitazama mimi, akayatazama makoti, akamwambia dobi kwamba kesho nguo zitakuja kama kawaida, na mifuko apekue. Kisha akauliza kama kipeperushi kimoja kimebaki, maana mbona yeye hajawahi kupewa.

Dobi alikaa mpaka baraka ya mwisho. Anadai ni kwa sababu safu ilijaa akashindwa kutoka.

Baada ya ibada nilijaza fomu: wageni, mmoja. Baba Mlezi akasema yule alikuja kushtaki. Nikamwambia fomu haiulizi amekuja kwa nini. Nilimwambia nikimtazama usoni. Ana alama nyeusi juu ya nyusi. Mwezi mzima sikuwa nimeiona.

Akatia sahihi.

Dobi akanikuta getini. Akasema Jumapili ijayo huenda akapita tena, hajaamini bado, lakini kola za kwaya yetu zimemnyima raha. Jioni Kipaza alipoita majina yake manne, niliongeza la kwangu. Kwa sauti.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepiga simu nyumbani. Godoro lirudi. Kaka amesema atafikiria. Nikamwambia hakuna la kufikiria, nikakata.

Baba Mlezi aliniita kunipongeza. Stoo amepewa mwingine. Akasema anaona wiki hii imenifundisha kwamba hakuna njia ya mkato, mtu huendewa uso kwa uso, kwa maneno. Nikamwambia imenifundisha sana. Nilimaanisha kabisa.

Mchana tulipita kwa fundi viatu wa kona. Kibanda chake hakina mlango. Viatu vya watu vimepangwa safu nne, vidomo vinatazama barabarani, na saa nne kamili yeye huenda kunywa chai. Kipeperushi kikikunjwa mara nne kinaingia kwenye kiatu mpaka kwenye vidole. Nimejaribu kwa cha Kipaza. Amechechemea tangu mchana, hajui kwa nini.

Nimeshakunja arobaini. Viatu havifuliwi.