Mchicha wa Baba wa Mfano

Jumatatu, 14 Julai

Upepo toka alfajiri. Vumbi hadi kwenye meno. Nimemsindikiza mke wangu Munira kliniki, kwenye zahanati yetu ya hapa Ipagala, Dodoma. Mimba yake sasa inaonekana, na nesi alishatangaza kwamba baba asiyetokea atatajwa jina mbele za watu. Nesi anaitwa Ruthu. Mkali! Anafundisha umati mzima, macho yapo kwako tu.

Somo la leo: vitamini zinazoyeyuka kwenye maji. Kundi B na vitamini C. Za kundi B zinausaidia mwili kupata nguvu kutoka kwenye chakula na kutengeneza damu. Foliki nayo ni ya kundi hilo, inalinda uti wa mgongo wa mtoto akiwa bado tumboni. C inashika fizi na kuponya vidonda. Nyingi kati ya hizi mwili hauziweki akiba. Zikizidi zinatoka na mkojo, kesho unahitaji nyingine.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama mtu akila kikapu cha machungwa Jumapili, hawezi kupumzika hadi Jumapili nyingine. Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Abbasi, jirani yangu wa ukuta mmoja, anayelima mchicha kwenye viroba na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Sikuwa nauliza. Nilikuwa nampima nesi.

Halafu tangazo! Jumamosi ni siku ya lishe. Kina baba watapika mboga, wake zao wataonja mbele ya majaji. Mshindi ataitwa Baba wa Mfano, na picha yake itatundikwa kwenye ukuta wa zahanati. Nimeshaona picha hiyo. Nimevaa koti.

Nesi alimchungulia Munira mdomoni. Fizi zinatoka damu akipiga mswaki. Akasema asiache vidonge vyake vya foliki, ale matunda kila siku, na mboga isiyopikwa ikafa. Mimi nilikuwa nafikiria koti.

Jumanne, 15 Julai

Situlii. Mapazia ya mteja wa mtaa wa Area D yapo kwenye cherehani, upande mmoja umeshonwa, mwingine unaning'inia. Nashona mstari, nasimama. Nashona mstari, natoka uani.

Baba wa Mfano lazima aonekane ana afya. Nimenunua kopo la vidonge vya kundi B kwenye duka la dawa. Kopo limeandikwa kimoja kwa siku. Hiyo ni kwa watu wasio na mashindano. Nimemeza kiganja.

Jumatano, 16 Julai

Nakufa.

Asubuhi nimeenda chooni, mkojo wa njano! Si njano ya kawaida. Njano ya kalamu ya kupigia mistari. Nimekaa chini nikamwita Munira. Nikamwambia nina ugonjwa wa ini, cherehani ampe kaka yake, na Abbasi asiruhusiwe kusema lolote msibani. Munira akaliona kopo dirishani. Alinishika mkono kama mtoto hadi zahanati.

Nesi Ruthu alicheka hadi akaegemea meza. Akasema hiyo ni vitamini B2, mwili umechukua unachohitaji na nyingine umeitoa. Akasema nisirudie, maana zipo nyingine za kundi hilo ambazo ukizidisha kwa muda mrefu zinaharibu neva. Alisema kwa sauti. Foleni nzima imejua rangi ya mkojo wangu. Na nani alikuwa kwenye foleni na mkewe? Abbasi. Akanipa pole. Pole yake naijua.

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi ya kupika. Nimegundua siri: mchicha wa watu wote ukiiva unakuwa mweusi mweusi. Wangu ukibaki kijani, majaji hawatatazama sufuria nyingine. Dawa ni magadi. Nikakata mchicha mdogo mdogo, nikauloweka, nikauchemsha kwenye maji mengi na magadi, nikamwaga maji, nikachemsha tena. Kijani! Kama mlango mpya!

Munira akasema vitamini zinayeyuka kwenye maji na mimi maji nayamwaga. Osha kwanza ndipo ukate, akasema, maji kidogo, funika, epua mapema. Akasema nesi alitaja hata magadi, kwamba yanaua vitamini C. Nikamwambia majaji wana macho, hawana maabara.

Mchicha wote wa nyumbani uliishia kwenye mazoezi. Ubuyu aliouloweka Munira anywe jioni nikauchemsha ukawa gundi, nilitaka mchuzi wa kupambia sahani. Akala ugali na mboga yangu ya kijani. Alikula kidogo. Akatema kwenye kitambaa, kukawa na damu. Nikamwambia Jumamosi itakuwa tamu zaidi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudi kutoka msikitini, Munira hayupo. Mama mwenye nyumba, Bi Sikudhani, akanieleza: ameondoka na basi la Kondoa, kwa mama yake. Ujumbe ameuacha kwa mdomo.

"Amesema anakwenda kula mboga iliyo hai," akasema Bi Sikudhani.

Nimepiga simu. Haipokelewi. Nimezunguka chumba. Kitanda kimetandikwa vizuri mno, kama cha wageni. Upepo unapiga bati. Ningeweza kuwahi basi la jioni. Lakini kesho ni Jumamosi! Nikishinda, nitakwenda Kondoa na picha.

Tatizo: nani ataonja?

Jumamosi, 19 Julai

Nilimpigia magoti Bi Sikudhani. Shikamoo kama tatu hivi kabla hajauliza ninataka nini. Nikamwambia awe mke wangu kwa muda mfupi tu. Akasema ameshazika waume wawili na hataki kuanza tena. Mwishowe akakubali kuonja kama mwakilishi wa familia.

Uwanja wa zahanati ulijaa. Abbasi alipika mchicha wa viroba vyake, maji kidogo, nyanya, karanga, akafunika na kuepua upesi. Rangi ya kawaida kabisa! Nikamwonea huruma. Yangu ilipofunuliwa watu walisema aah. Nesi Ruthu naye akainama, akanusa, akaniuliza nimetia nini. Nikasema mapenzi.

Akampa Bi Sikudhani kijiko, kisha kipaza sauti.

"Macho yanafurahi," akasema Bi Sikudhani. "Mdomoni ni sabuni."

Nesi akaeleza kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko ukali. Vitamini C imeuawa na magadi na moto, kundi B limemwagwa na maji, mke wa bwana huyu amebakiwa na rangi. Halafu akauliza: mke mwenyewe yuko wapi?

Nikasema Kondoa.

Abbasi ameshinda. Alipopigwa picha alikuja kunishika bega, akasema nimfuate mke wangu. Safari hii haikuwa ile pole yake. Imeniuma zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Basi la kwanza la Kondoa. Mama mkwe, Bi Hamida, aliitikia shikamoo yangu bila kunikaribisha kiti. Munira alikuwa kwenye mkeka anakula papai, bakuli la kunde na mboga ya majani pembeni. Alikuwa ametulia usoni, kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Niliogopa. Alionekana hanihitaji.

Nikaanza kueleza habari za majaji. Akanikatiza.

"Nurdini, unanipikia mimi au unampikia Abbasi?"

Nikasema nimekosa. Nikasema jana chumba kilikuwa kikubwa mno. Machozi yakanitoka mbele ya mama mkwe, na Bi Hamida ndipo akavuta kiti.

Masharti ya Munira: tunda kila siku, mboga apike yeye au nipike kama anavyosema, na tule tukiwa tumekaa pamoja, siyo mimi nimesimama mlangoni nawaza. Nimekubali yote. Kwa moyo wote! Kesho tunarudi. Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 23 Julai

Kliniki tena. Somo jipya: vitamini zinazoyeyuka kwenye mafuta. Nusura niruke! Hizi mwili UNAZIWEKA AKIBA! Nesi Ruthu aliongeza kitu kuhusu madhara ya kuzidisha, sikusikia vizuri, nilikuwa napiga hesabu. Mojawapo, D, mwili unaitengeneza kwa jua. Jua! Hapa Dodoma! Uani kwa Abbasi pamejaa miti, kivuli kutwa nzima. Hana pa kunishindia.

Nimetandika mkeka uani, nimevua shati, nimejipaka mafuta ya alizeti mgongo mzima ili hiyo D iyeyuke vizuri. Ni saa saba mchana. Ngozi inalia kama kitunguu kikaangoni. Munira ameniita tukae tule. Nimemwambia aanze tu, mimi nipo kazini.