Naomba Tobo la Sebuleni Lizibwe kwa Saruji

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Hifadhi ya Nyumba za Kale,

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: FUNDI WENU, CHOKAA YENU, NA TOBO LILILOPO SEBULENI KWANGU

Natumaini u mzima, na kwamba kuta za ofisi yako zimesimama wima. Za kwangu hazijambo, isipokuwa mmoja, na huo ndio ulionikalisha chini kuandika. Naandika kwa heshima zote. Ukiona mahali heshima imepungua kidogo, ujue hapo nilisikia mtu akicheka upande wa pili wa ukuta.

Nikueleze kwa ufupi, ingawa ufupi si kipaji changu. Nyumba hii ya mawe tuliachiwa na baba, mimi na mdogo wangu wa kike, ndugu yangu pekee wa tumbo moja. Arobaini ya baba haijaisha tukakosana, tukaigawa. Mlango wa katikati, uliotoka sebuleni kwangu kwenda kwenye chumba ambacho sasa ni jiko lake, tukauziba kwa matofali na saruji. Kazi ilianza asubuhi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Tangu hapo tumeishi miaka saba salama salimini, bila kusalimiana.

Mvua za mwaka huu zikaleta ufa pale tulipoziba. Nikaja ofisini kwako kama raia mwema, ukamtuma mkaguzi. Akaugonga ukuta kwa ncha ya kidole, akauliza nani aliweka saruji hapa, nikatazama dari. Wiki iliyofuata akaja fundi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi huyu anakuja. Ndugu Mkuu, mimi nimeshughulika na mafundi maisha yangu yote. Fundi wa kawaida anasema atakuja kesho, na wewe unapata siku ya kupumzika. Huyu yupo mlangoni kila asubuhi na ndoo yake, anasalimia, kisha anaanza kazi kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Mtaani wanamwita Fundi Haraka, na sasa naelewa kwamba mtaa wetu una masihara. Jiwe moja analigeuza, analijaribu mahali pake, analitoa, analichonga kidogo, analirudisha, analitoa tena. Nimeozesha mabinti wawili kwa mashauriano machache kuliko hayo.

2. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyabomoa matofali yetu. Eti saruji ni ngumu kuliko mawe ya zamani, inafungia unyevu ndani, na mawe ya pembeni yameanza kuliwa na kuwa unga. Ni kweli, yalikuwa unga, nimeyafagia mwenyewe. Lakini aliposema ukuta lazima upumue, nilimwambia mimi mwenyewe napumua kwa shida nikipanda ngazi, na hakuna ofisi iliyoniletea fundi. Hakucheka. Alisema tobo libaki wazi kwanza, mawe yakauke. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliwaita muuzibe, nanyi mkaubomoa ukuta. Hii ni njia ya tatu ambayo wahenga hawakuifikiria.

3. Kupitia tobo hilo nimeletewa, bila ridhaa yangu: harufu ya vitunguu, redio, kikohozi ninachokijua tangu utotoni, na wimbo ule ule mmoja ambao mdogo wangu huimba akiosha vyombo na hajawahi kujua ubeti wake wa pili. Mbaya zaidi, tobo limeninyang'anya mume. Mwanamume huyu aliapa kwamba ugomvi wangu ni ugomvi wake. Sasa amehamishia kiti chake karibu na tobo, anasema pana upepo. Ni upepo gani, Ndugu Mkuu, unaompa mtu kipande cha samaki?

4. Magunia. Mawe ya zamani yalipokauka, chokaa mpya ikawekwa pembeni mwa tobo, na hiyo sasa haitakiwi kukauka upesi. Usiniulize, mimi niliuliza, nikajibiwa mpaka nikajuta. Kwa hiyo imefunikwa magunia mabichi pande zote mbili, na magunia hayo lazima yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Upande wangu ni mimi, upande wake ni yeye. Nilipanga kuamka mapema ili tusikutane. Naye, kwa sababu tumelelewa na mama mmoja, alipanga vivyo hivyo. Tukasimama kila mtu na ndoo yake, hatuna pa kutazama. Nikaona nywele zake zimeota mvi. Hakuna aliyenipa taarifa. Miaka yote hii nilidhani mvi zimenijia mimi peke yangu.

5. Hapa ndipo hasa ninapoomba uvae miwani. Ukuta huu ni mnene, na miimo ya mlango, yaani nguzo zake za pembeni, inashikwa na mawe marefu yanayotoka uso wa upande mmoja mpaka uso wa upande wa pili. Jiwe la namna hiyo haliwekwi na mtu mmoja. Mmoja anasukuma kutoka huku, mwingine anapokea kule, wote wanashikilia hadi fundi alipange na kulijaza chokaa. Fundi alitarajia msaidizi kutoka ofisini kwako. Msaidizi hakuja. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana mgongo. Nikabaki mimi huku, na kule unajua nani. Nikalazimika kumwambia “sukuma”, naye akaniambia “ngoja”. Nilijipa moyo kwamba hayo si mazungumzo, ni maneno ya kazi tu. Lakini kwenye jiwe la tatu aliniambia “angalia vidole vyako, dada”, na hilo halimo katika ujenzi wowote.

6. Ili uelewe uzito wa lalamiko la sita, sina budi kukutajia ugomvi wenyewe. Tulipokuwa tunakunja mikeka ya msiba, mdogo wangu alisema mbele ya shangazi na watu wote kwamba baba amekwenda kupumzika, kwani dada alimchosha kwa maneno. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ni kweli nilikuwa nikikaa kando ya kitanda cha baba nikimsomea gazeti lote, mpaka matangazo ya zabuni. Nilikuwa nasoma kwa sababu nikinyamaza nilisikia jinsi anavyohema, na niliogopa. Neno lile lilinichoma, na bado linauma.

Basi juzi tulikuwa tumeshika jiwe la mwisho, zito kuliko yote. Chokaa ikamwishia fundi. Akasema tushike hapo hapo, akatoka uani kukoroga nyingine, kwa mwendo wake ule. Mdogo wangu akaona ndiyo nafasi. Akasema: “Dada, yale maneno ya siku ile nisamehe. Mimi nilikuwa sijui nimwambie nini baba. Wewe ulikuwa na la kumwambia kila siku. Nilikuonea wivu.”

Fikiria hali yangu. Mikono yote miwili iko chini ya jiwe. Siwezi kuondoka, siwezi kujifuta macho, pua inanitiririka, na jiwe lenyewe ni la kihistoria. Huko si kuombana msamaha, huko ni kutekana. Nilimjibu: “Nyanyua upande wako, jiwe linalala.” Fundi akarudi, jiwe likakaa, kila mtu akaenda kuosha mikono. Mpaka leo sijamjibu kitu kingine. Kila asubuhi anamwagia magunia na kunitazama.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, naomba hivi. Tuma saruji na matofali kesho, na fundi yeyote mvivu uliye naye, tobo lizibwe kabla ya jua kuzama. Najua mawe yataliwa tena. Acha yaliwe, nitafagia. Ukuta ukirudi, msamaha ulioombwa toboni hautakuwa na mahali pa kujibiwa, nami nitabaki na haki yangu. Ugomvi huu nimeutunza miaka saba peke yangu, bila ruzuku ya serikali, na kama kitu chochote katika nyumba hii kinastahili kuhifadhiwa, ni huo. Mtu akishazoea kukasirika, ukimwondolea hasira ghafla anabaki hajui aamke na nini.

Nisalimie mkaguzi na kidole chake, karani wako anayepokea simu kama ndiyo kwanza anaamka, na familia yako yote, hasa kama una ndugu unayezungumza naye.

Wako katika kusubiri matofali,

Mwenye nyumba, upande wa kulia ukiingia

Tanbihi: Usitume saruji. Nilipomaliza kuandika niligundua sina bahasha. Maduka yalikuwa yamefungwa, mume wangu amelala kwenye kiti chake, nikaona mwenye bahasha ni mmoja tu. Nikaenda toboni nikaomba. Kumbe ukishamwomba mtu bahasha atakuuliza unamwandikia nani, na ukimweleza atataka asomewe. Nimemsomea yote. Amelia, nimelia, chai imepoa tukachemsha nyingine, na lile jambo lake nimemjibu. Kwa hiyo fundi asizibe, atuwekee mlango. Najua ofisi yako hairuhusu mlango wa kale kupanuliwa hata inchi moja, lakini waliojenga nyumba hii hawakuwa na habari za maumbo yetu. Tafadhali uwe mpana, maana hatuna nia ya kupita kwa zamu.