Mabomba Manne ya Kumpeleka Kondakta

Jumapili, 3 Agosti

Yamefika! Mabomba manne ya ekzosi, chuma kisichoshika kutu. Yamejikunja vizuri, yamekutana mbele na kuwa moja, pale yatakapoingia kwenye turbo, ile feni inayoipulizia injini hewa. Nimeyaweka kwenye meza ya sebuleni nikayatazama mpaka chai ikapoa. Aliyeyachomelea ana mikono iliyobarikiwa. Mama Watoto kaniuliza hayo matumbo yatakaa kwenye meza yake mpaka lini. Hana jicho la uzuri, maskini, ingawa alinichagua mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi binti yangu mkubwa anaolewa. Nyumbani tunamwita Kondakta, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu, anakipiga makofi mawili, anasema twende. Ameomba nimpeleke ukumbini mimi, tuwe wawili tu, ndani ya gari langu la turbo. Lakini kaka wa Mama Watoto, shemeji yangu, naye kajitolea. Ana gari refu jeusi lisilo na sauti. Unaligundua likishakukanyaga mguu. Mama Watoto katoa hukumu: gari langu likileta kisirani chochote, Kondakta anapanda la mjomba wake.

Mtu mwenye akili angeliacha gari kama lilivyo. Mimi nina akili zaidi. Kwa mabomba haya gari litanguruma, na shemeji atalisikia kwa mara ya kwanza bibi harusi akiwa ndani. Nataka nimwone uso siku hiyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Gereji. Fundi wangu anaitwa Redio, na hajapatikana wa kumzima. Leo katoa mabomba ya zamani huku akisimulia ndoa yake ya kwanza, kayajaribisha mapya huku akisimulia ya pili. Bolti moja ilikwama kwa kutu. Redio akaipasha moto, akaibembeleza, ikalegea. Nilibaki mdomo wazi. Mimi ningeikata pamoja na nusu ya injini.

Kasema mabomba yanapita karibu mno na nyaya na mpira wa breki, na joto la turbo si mchezo. Kwa hiyo lazima yaviringishiwe utepe wa kuzuia joto kabla ya kufungwa kwenye injini. Alitaka kuifanya mwenyewe kazi hiyo. Nikakataa katakata. Nataka kumwambia shemeji kwamba ni kazi ya mikono yangu. Basi Redio akanipa mabomba na utepe nirudi navyo nyumbani, na maelekezo: lowesha kwanza, vuta ukaze, kila mzunguko ukalie nusu ya mwenzake, bana mwisho kwa kibanio cha chuma, na glavu usisahau. Halafu akasema kitu kuhusu moshi. Ekzosi kutoa moshi, hiyo nayo ni habari? Nilikuwa natazama alama za kuchomelea. Safi ajabu.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Watoto alipokwenda sokoni nilichukua beseni lake kubwa la bluu, nikaloweka utepe. Umefumwa kwa nyuzi za kioo! Kioo, halafu kinapinda kama kitambaa. Binadamu ni hatari. Glavu sikuvaa, glavu ni za watu wasiojiamini.

Bomba la kwanza lilitoka ovyo, likanifungukia mikononi. La pili afadhali. La nne, haki ya nani, nilitamani kulivisha tai. Kitinda mimba wetu kapita akasema yanafanana na miguu ya mtu aliyegongwa. Hata hilo nimelipokea kama sifa, maana bendeji zilikuwa zimekaa sawasawa.

Maji nimemwaga, beseni nimelirudisha mahali pake. Hakuna anayejua. Mikono inawasha kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Inawasha! Mikono, shingo, tumbo, na mahali ambapo sikumbuki kabisa kupagusa. Na leo ndio wazazi wa bwana harusi walikuja kukamilisha mipango. Nilijikuna kwa siri kwenye mgongo wa kiti. Nilijikuna kwa kisingizio cha kutafuta kalamu. Mama wa bwana harusi akasogeza kiti chake pole pole. Shemeji, kwa sauti ya mtu anayejali afya za watu, akauliza kama ni upele, na kama ni busara bibi harusi akae karibu na dereva wa namna hiyo. Wakacheka wote. Ilinikata maini.

Kondakta hakucheka. Kaniita jikoni, kachukua utepe wa gundi wa kufungia maboksi, kanibandika mikono yote, kisha akabandua taratibu. Nyuzi za kioo zikatoka nao, zinang'aa. Hakuniuliza kitu. Kaniambia tu kwamba siku nyingine nivae glavu. Anajua! Alijua tangu mwanzo, na hakumwambia mama yake. Nimezaa mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Redio kafunga kila kitu. Gasketi mpya ya kuzibia pengo kati ya injini na mabomba. Nati alianza kukaza za katikati akaenda pembeni, kidogo kidogo, akarudia tena. Kuitazama kazi hiyo unapona hata maumivu ya mgongo. Kisha akanyosha mkono aliwashe gari.

Nikamshika mkono. Hapana! Muungurumo wa kwanza ni wa Kondakta. Redio akaniambia nisilete utani, utepe mpya lazima uungue kwanza, gari liwashwe na kuachwa lipate moto. Aliyasema hayo katikati ya ndoa ya tatu, kwa hiyo sikuyatilia maanani. Nikamsihi kama mzazi kwa mzazi mpaka macho yakanilowa. Naye ana binti. Akalegea, akasema basi niliwashe mwenyewe alfajiri ya Jumamosi. Nikasema ndiyo. Sikusema alfajiri ya Jumamosi ipi.

Ila gari lisilowashwa haliendi nyumbani lenyewe. Ilibidi tulisukume, mimi na vijana wa gereji, mtaa mzima. Na nani apite pale kama si shemeji, kimya kimya na jeneza lake! Akateremsha kioo. Akatutazama. Akapandisha kioo. Nilipofika Mama Watoto alikuwa ameshapigiwa simu. Nikamwapia kwamba gari ni zima, naliepusha na vumbi tu. Kanipa mpaka Jumamosi asubuhi. Kondakta alisema nje ya mlango, wote tukasikia, kwamba yeye na baba yake wameshakubaliana. Usiku sikula. Nilishiba.

Ijumaa, 8 Agosti

Shemeji kaleta shati lake jeupe la kesho, dada yake amfulie, maana yeye hajui hata kuloweka soksi. Mama Watoto kaliloweka kwenye beseni la bluu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika yote.

Nje ya lango. Ndugu wote wamepanga mstari. Kondakta ndani, gauni limejaa gari mpaka nami nimekalia kipande. Nikawasha. Jamani! Sauti nzito, imetulia, inatoka tumboni. Mama Watoto akashika kifua, kisha akatabasamu, nimemwona kwa macho yangu. Shemeji alikuwa anajikuna shingo. Tukaondoka kama wafalme.

Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara nikasikia harufu. Wa pili, moshi unafuka pembeni mwa boneti. Mara boneti yote ikafuka moshi mweupe na njia siioni. Nikaegesha mbele ya waosha magari. Nikafikiria jambo moja tu: nimemwunguza mwanangu siku ya harusi yake. Nikaruka, nikanyakua ndoo ya maji, nikarudi mbio.

Nikamkuta Kondakta amesimama mbele ya boneti. Gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, mwingine kaunyosha kunizuia.

"Baba, weka ndoo chini. Chuma cha moto ukikimwagia maji kitapasuka."

Nikaiweka. Akainama, akachungulia ndani ya moshi, akatazama nyaya na mpira wa breki kimoja kimoja. Akasema hakuna kinachowaka, ni utepe mpya tu, dawa uliyopakwa kiwandani ndiyo inayoungua. Akaniuliza fundi alinielekeza nini. Nikamwambia alisema kitu kuhusu moshi. Wala hakunisema. Aliyajulia wapi yote hayo? Kumbe miaka ile aliyosimama pembeni yangu nikifungua boneti, nilidhani ananishikia tochi tu.

Basi tukakaa kwenye benchi la waosha magari, injini ikiendelea kuunguruma na kufuka. Wakatandika mataulo safi chini ya gauni. Simu yake ikaita, mjomba wake, yuko tayari kurudi kumchukua. Akamshukuru, akamwambia watangulie. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia nilichotaka ni kuwa naye ndani ya gari kwa mara ya mwisho kabla hajawa wa kwa mumewe, na sasa nimeharibu.

"Hujaharibu, Baba. Ingekuwa gari la mjomba tungeshafika."

Hapo nililia, na wala sikusingizia moshi. Tukaongea habari za kiti cha nyuma, za siku alipofunga nati yake ya kwanza akaikaza kinyume. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukaisha. Tukapanda. Akapiga kiti changu makofi mawili, akasema twende.

Tulifika tumechelewa, tunanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Hakuna aliyejali, wote walikuwa wanamtazama shemeji. Alijikuna wakati wa viapo, akajikuna wakati wa picha. Mama wa bwana harusi alisogeza kiti chake.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa mno. Mama Watoto kapita na beseni la bluu, kanitazama muda mrefu, kisha kasema gari lilinguruma vizuri. Mwanamke wa aina yake. Redio naye kapiga simu kuuliza kama niliwasha alfajiri. Nikamwambia mambo yalikwenda kama yalivyopangwa.

Nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Beseni lilikuwa dogo, utepe haukulowa wote.

Wakati wa chakula kitinda mimba katangaza kwamba siku yake atakwenda ukumbini kwa miguu. Nimemwambia ni wazo zuri sana, wala sina kinyongo. Nitatangulia mbele yake na gari, taratibu, nimfungulie njia. Nimeshampigia Redio tena, anaulizia kama kuna utepe unaotoa moshi wa rangi.